Mwalimu Mpya wa Hesabu Anafundisha kwa Sababu Gani?



Kila mwaka, mwezi wa tisa unapofika, shule zetu zinapokea walimu wapya. Wengine wametoka katika I.S.P. ya Bukavu, ya Lubumbashi ao ya Bunia. Wengine wana diploma ya Leta tu mkononi, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kushika hesabu katika darasa la saba na la nane, wanapewa chaki na kuambiwa waanze kesho. Kati ya hao wote yule wa hesabu anatafutwa sana, na tena, kwa jinsi tulivyoona, ndiye anayeondoka upesi: leo yuko darasani, mwaka kesho yuko kwenye kompani ya madini ao kwenye duka la simu. Ndiyo maana tumeona vema kuzungumza juu yake. Watoto ni wetu. Na shule nyingi za nchi hii ziko mikononi mwa makanisa tangu mapatano ya mwezi wa pili 1977, wakati Leta ilipowarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu uongozi wa shule ilizokuwa imezichukua mwaka wa 1974. Kwa hiyo swali hili hatuwezi kumwachia prefe peke yake.

Kabla hajapewa darasa, kijana anaombwa alete barua ya motivasio. Neno hili motivasio lina historia ya ajabu kwetu. Katika barua, maana yake ni jambo linalomsukuma mtu moyoni. Lakini mwulize mzazi ye yote wa Kinshasa ao wa Goma motivasio ni nini, atakujibu bila kufikiri: ni pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa Leta ulipokuwa umekwisha nguvu kabisa, na walimu wakaweka chaki chini muda mrefu, wazazi walikubali kutoa kitu ili milango ya shule ifunguliwe, na kitu hicho kikaitwa primu ya motivasio. Wengi walidhani ni msaada wa muda. Katika shule za msingi za Leta ilidumu, kwa sheria, mpaka mwezi wa tisa 2019, serkali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure yaliyokuwa yameandikwa katika Katiba ya 2006. Katika sekondari wazazi waliendelea kulipa. Basi kwetu Wakongo neno moja limebeba moyo na mfuko pamoja, na pengine hilo si baya, kwa sababu linatulazimisha kuuliza bila kujificha: mwalimu mpya wa hesabu anasukumwa na nini, na sisi tuna haki ya kudai asukumwe na nini?

Tumesoma barua kadhaa za namna hiyo, kwani vijana wa parokia wanatujia mara nyingi ili wasaidiwe kuziandika. Karibu zote zinafanana. Nina wito. Napenda watoto. Nataka kulitumikia taifa. Halafu, barua ikiisha kukunjwa, kijana anasema kwa sauti ya chini: Papa, kazi nyingine haikupatikana. Na pengine hilo ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyoandikwa.

Je, tumhukumu? Hapana. Rutu aliingia katika shamba la Boazi kwa sababu ya njaa, hakuingia kwa wito wa kuokota masuke, na hakuna hata mmoja wetu anayemdharau. Mtu anaweza kuingia kazini kwa mlango wa lazima, kisha akaipenda kazi akiwa ndani. Sababu ya kuanza na sababu ya kuendelea ni vitu viwili. Anayetutia wasiwasi ni yule anayeandika neno wito na kuamini kwamba kwa neno hilo kazi imekwisha kufanyika. Mtu anayejiona ameitwa hakubali kwa urahisi kuulizwa kwa nini nusu ya darasa lake imepata 3 kwa 10. Anasema watoto ndio wenye vichwa vigumu, na kama yeye ni wa Mungu, basi wao ni wa nani?

Kuna jibu lingine linalosikika vizuri zaidi: nafundisha hesabu kwa sababu ninazipenda. Hili nalo tulipime. Anayependa hesabu kwa kweli ana hazina, na watoto wanaona usoni mwake kwamba jambo hili lina ladha. Lakini mara nyingi ni mtu ambaye tangu utoto jibu lilimjia lenyewe. Hajui njia ya mtu asiyeelewa, maana hakuipita. Mtoto anamwuliza: Mwalimu, kwa nini namba ya kutoa, ukiizidisha kwa namba ya kutoa, inaleta namba ya kuongeza? Anajibu: ndiyo kanuni, andika. Hana ubaya moyoni. Anaona wazi mno hata hawezi kueleza. Yule mwingine, aliyeteseka na jambo hilo miaka miwili, ndiye atakayesema: tuseme una madeni matatu dukani, kila moja franka 200, na mwenye duka akayafuta yote matatu. Umeondolewa madeni, mara tatu. Je, umekuwa maskini zaidi, ao umeongezewa franka 600? Darasa linacheka, na limeelewa. Kupenda hesabu na kumpenda mtoto anayeshindwa na hesabu ni mapendo mawili, na hilo la pili ndilo adimu.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao kidogo, maana mambo haya hayaonekani katika maneno makubwa. Mwalimu anaandika ubaoni 1/2 kuongeza 1/3. Msichana aliyeketi nyuma anajibu 2/5. Amejumlisha juu na juu, chini na chini. Mwalimu aliyechoka anaweka msalaba mwekundu na kupita. Mwalimu wa fimbo anapiga. Wote wawili wamemwambia mtoto jambo lile lile: umekosa, na sababu ya kosa iko kwangu mimi, wewe huwezi kuiona. Lakini litazameni jibu lenyewe. 2/5 ni ndogo kuliko nusu! Alikuwa na nusu ya mkate, akaongezewa kipande, na sasa ana kidogo kuliko alichokuwa nacho mwanzoni. Mwalimu akimwuliza tu, mama, ulikuwa na nusu, tukakuongezea, mbona mkate umepungua?, mtoto atalikataa jibu lake mwenyewe kabla ya kusikia kanuni yo yote, wala hakuna aliyemwaibisha. Kisha watakata mkate vipande 6 vilivyo sawa: nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla ni 5 kwa 6. Tena ataambiwa kwamba hakujibu kwa upumbavu. Alifanya yale ambayo namba nzima zilimzoeza tangu darasa la kwanza, na sasa amefika mahali ambapo mazoea yale hayatoshi.

Kwa kuuliza swali lile dogo mwalimu anahitaji dakika mbili na uvumilivu. Katika darasa la watoto 60 ao 70, dakika mbili ni nyingi. Kwa nini azitoe? Barua yake haitujibu. Hakuna prefe anayemwona wakati ule, hakuna inspekta, na mtoto mwenyewe atasahau kwamba aliulizwa. Hapo ndipo tunapokuta jambo linalomsukuma mtu kwa kweli, nalo laweza kukosekana kwa mwenye wito, na likapatikana kwa yule aliyekuja kwa kukosa kazi.

Katika masomo mengine mtoto anamwamini mwalimu juu ya mambo asiyoweza kuyaona: mto fulani uko Ulaya, mfalme fulani alikufa zamani. Katika hesabu anaweza kuhakikisha mwenyewe. Mtoto wa miaka 12 anaweza kusimama na kusema: samahani, Mwalimu, mstari wa tatu kuna kosa. Na kama ana haki, diploma ya mwalimu haisaidii kitu, wala umri wake, wala sauti yake. Sisi tunaishi katika nchi ambamo mkubwa akisema, neno limekwisha. Wazazi wengine watanung'unika: je, mnataka watoto wafundishwe kiburi? Lakini mtoto huyo huyo anajifunza pia kwamba siku atakayokosa yeye, cheo cha baba yake hakitalinyoosha jibu lake. Mwalimu mpya anayeogopa siku ile ya samahani Mwalimu ataficha kila kitu nyuma ya kanuni na fimbo. Mwalimu anayeingoja kwa furaha, huyo tumshike asitukimbie.

Tena hesabu ni ulinzi wa mtu mdogo. Wale waliokuwa watu wazima mwaka wa 1993 wanakumbuka. Mwezi wa kumi wa mwaka ule Leta ilileta zaire mpya, na zaire mpya 1 ilikuwa sawa na zaire za zamani 3,000,000. Huko Kasai watu waliikataa, wakaendelea na za zamani. Kwingine kila mama wa soko alipaswa kugawanya kwa milioni tatu akiwa amesimama juani. Tuseme mama mmoja alikuwa na zaire za zamani 5,000,000. Ukizigawanya unapata zaire mpya 1 na makuta 66, na baki ambayo haimaliziki hata ukiendelea kuandika mpaka jioni. Mwenye kubadilisha pesa anasema: mama, tuweke 1 na makuta 60, tusisumbuane. Inaonekana kitu kidogo. Sasa mama watano wa kikundi kimoja, kila mmoja na milioni zake 5, wakienda mmoja mmoja kwa bei hiyo, wanarudi na zaire mpya 8 kwa jumla. Wangeziweka pamoja, milioni 25, na kugawanya sawasawa, wangepata 8 na theluthi moja. Theluthi ile ni zaire milioni 1 za zamani, nayo imebaki mfukoni mwa mtu ambaye hakuna aliyemwona akiiba. Mwaka wa 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayetaka kujua franka 1 ilimeza zaire ngapi za zamani azidishe mwenyewe. Atafika bilioni 300.

Watu watasema hayo yamepita. Hayakupita. Mpaka leo tunaishi na pesa mbili, dola na franka, na bei ya moja kwa nyingine haitulii. Unga wa Lubumbashi unapimwa kwa meka, maharagwe ya Kivu yanapimwa kwa kopo la Guigoz, na kila mama anajua kwamba kopo linaweza kupigwa chini likaingia ndani. Kwenye zahabu kuna mizani ndogo ambayo juu yake njiti ya kiberiti ao sarafu ya zamani inakuwa uzito, na mchimbaji aliyeshinda shimoni siku nzima anasimama pale akitazama asichoelewa. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu alikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo. Tunahubiri juu ya yule mwenye mawe. Ni mara chache tunahubiri juu ya yule anayepimiwa, ambaye hawezi kujua kuwa mawe ni mawili kwa sababu hakuna aliyemfundisha kupima. Mwalimu wa hesabu akisema, nafundisha ili mtoto huyu asipunjwe, sisi tunalihesabu hilo kuwa sababu ya kutosha, hata kama hakutaja wito.

Na asiseme mtu kwamba hesabu ni za wavulana. Hao tuliowataja, wanaogawanya juani kila siku, ni mama zetu na dada zetu, na ni ajabu kwamba tunawapa kazi ya kuhesabu maisha yao yote, kisha tunawaambia binti zao kwamba kichwa cha mwanamke hakikuumbwa kwa hesabu.

Wala hesabu hazikuletwa katika sanduku la mgeni. Huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, mwaka wa 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo wenye mikato mingi. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 20,000, na leo mfupa wenyewe unatunzwa Brussels. Mikato imepangwa katika safu tatu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Ukijumlisha unapata 60. Safu ya pili inafika 60 vilevile, na ya tatu 48. Wataalamu hawajapatana juu ya maana yake: wengine wanasema ni kuhesabu siku za mwezi, wengine wanasema ni mchezo wa namba, wengine ni alama tu za kuufanya mfupa usiteleze mkononi. Tusijisifu kupita vile mfupa unavyosema. Lakini mwalimu wa Kasindi ao wa Beni anayeanza kazi bila kuwaambia watoto habari hii, akijua kwamba ziwa liko karibu yao hivyo, amewanyima kitu ambacho ni chao.

Sasa turudi kwenye mfuko, maana hatutaki kumsifu mwalimu kwa maneno halafu tumwache na njaa. Waamini wengi wanapenda kusema kwamba mwalimu atalipwa mbinguni. Wanasema hivyo wakicheka, na kicheko hicho si kizuri. Katika Torati mfanyakazi alipwe kabla jua halijatua, na Yakobo anaandika kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele. Katika shule zetu kuna walimu wapya ambao majina yao hayajaingia katika orodha ya kulipwa na Leta. Wanafundisha mwaka wa kwanza, wa pili, na zaidi, wakingoja. Kumwambia mtu wa namna hiyo afundishe kwa wito tu ni kulichukua neno takatifu na kulifanya mlango wa kukwepea deni. Mwalimu anayeuliza juu ya mshahara wake hajapoteza roho ya utumishi. Anafanya hesabu, na ndiyo kazi tuliyompa.

Lakini kuna hatari hapa, nayo hatutaizunguka. Mahali ambapo mshahara unatoka mkononi mwa mzazi, na pointi zinatoka mkononi mwa mwalimu, mikono hiyo miwili inakutana. Mzazi mwenye uwezo analeta bahasha mwezi wa sita. Mtoto wake alikuwa na 38 kwa 100, anapanda darasa. Mzazi maskini haleti kitu. Mtoto wake alikuwa na 49, anarudia. Hili ni lile jiwe la pili mfukoni, na ni baya zaidi likiwa mfukoni mwa mtu wa hesabu, maana anawafundisha watoto asubuhi kwamba namba haipendelei mtu, na jioni anaipendelea. Wao wanajua. Watoto wanajua daima ni nani aliyenunua. Na tusimlaumu mwalimu peke yake, kwani bahasha ina mikono miwili, na mmoja wa mikono hiyo Jumapili unainuliwa katika kuimba pamoja nasi.

Katika parokia kadhaa wandugu wamejaribu njia nyingine: pesa za wazazi zinapita katika komite, zinaandikwa katika kaye, na mwalimu anapokea kiasi kile kile bila kujua nani ametoa na nani hajatoa. Mahali pengine walimpa mwalimu mpya kipande cha shamba na mbegu za mihogo. Si mengi. Lakini kijana asiyejua bahasha imetoka kwa nani anaweza kuandika 38 mahali pa 38 bila mkono kutetemeka.

Kwa hiyo tunaziomba komite za wazazi jambo moja. Barua ya mwezi wa tisa waisome, waiweke. Mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Noeli, waombe kuona kaye za hesabu za watoto watatu wa mwisho katika darasa. Wasiombe za wale wa kwanza. Hao wangejifunza hata kama ubao ungekuwa peke yake. Watazame penye makosa. Wakikuta msalaba mwekundu tu, ukurasa kwa ukurasa, wazungumze na mwalimu kwa upole, na kabla ya kuzungumza wamwulize alilipwa lini mara ya mwisho. Wakikuta pembeni ya kosa swali dogo limeandikwa kwa mkono, mbona mkate umepungua?, na chini yake mtoto amejaribu tena kwa kalamu yake mwenyewe, basi wamtafutie mwalimu huyo nyumba karibu na shule, tena upesi, kwa sababu watu wa madini watakuja kumwuliza.